Ukurasa wa Mia na Kumi na Saba

Mabatini, Mwanza
12 Februari 2024

Dada yangu Achola,

Shikamoo. Habari za Kabusuri, na Ojwang hajambo? Mimi na baba tuko salama. Bado anashona, ila macho yamepungua na siku hizi ni mimi ninayemtungia uzi kwenye sindano kabla sijaenda kufundisha.

Nina habari njema. Unakumbuka mwaka 2020 nilipokaa kwako wiki sita nikiuliza watu habari za uvuvi wa sumu? Tasnifu niliyoiandika ilinipa shahada, kisha ikafungiwa kwenye kabati la maktaba ya chuo. Aliyetaka kuisoma alilazimika kufika mwenyewe, aache kitambulisho mezani, asome pale pale. Kwa miaka mitatu nadhani hawakufika watu kumi.

Sasa chuo kimeanzisha hifadhi ya kidijitali. Kazi zetu zote zimewekwa kwenye mtandao, na mtu yeyote mwenye simu, awe Magu au ng'ambo, anafungua na kusoma bila kulipa na bila kuomba ruhusa. Yangu iliwekwa mwezi uliopita. Watu tisini wameshaisoma. Daktari mmoja wa Kisumu ameniandikia akisema hajawahi kuona wavuvi wakiachwa waseme wenyewe namna ile.

Dada, miaka yote watu wa ziwani mmelalamika kwamba wataalamu wanakuja, wanachukua maneno yenu, wanaondoka nayo. Sasa yako mahali ambapo hata ninyi mnaweza kuyafikia. Nilipoyaona pale nililia kidogo.

Nimekutumia kitenge, kipo dukani kwa Kashindye. Nisalimie Teodora. Sijausahau ukarimu wake.

Mdogo wako,
Zakia Khalidi

Kabusuri
3 Machi 2024

Mdogo wangu Zakia,

Marahaba. Kitenge nimekipata na barua nimeipata. Tuendelee hivi hivi kwa barua, usinipigie. Nyumba yangu unaijua, mbao na bati. Nikiongea na simu jikoni, Ojwang anasikia chumbani na jirani anasikia kwake.

Nimefurahi kwa ajili yako. Lakini kuna sehemu nimeirudia mara tatu. Umesema mtu yeyote. Ulipokuwa hapa uliniambia watakaosoma ni walimu wako wawili watatu, ndipo nikaweka sahihi kwenye karatasi yako. Huyu mtu yeyote ametoka wapi?

Nakuuliza jambo moja, unijibu bila kuzunguka. Yale niliyokuambia siku tuliyobaki wawili tukichambua dagaa, wengine walipokwenda msibani. Sitayataja hapa, unayajua. Umeyaandika?

Teodora anakusalimu. Amejengea kaburi la Princess wiki iliyopita. Tangu mtoto afe ni mwaka wa tano huu, na tangu Obiero amwache akaondoka na wale wavulana wawili kwenda kwao Shirati hajatuma hata salamu. Kwa hiyo mchanga tumeubeba mimi na yeye, ndoo kumi na mbili kutoka ufukweni. Tulipomaliza akaniambia, "Achola, ndugu niliyebaki naye ni wewe."

Nikamwambia tukanawe, jua limekuwa kali.

Nijibu.

Achola, Mama Ojwang

Mabatini, Mwanza
15 Machi 2024

Dada Achola,

Shikamoo. Usiwe na wasiwasi hata kidogo. Jina lako halimo, humo unaitwa Mshiriki wa 9. Jina la Teodora halimo, la mtoto halimo, la Ojwang halimo. Kazi yenyewe ni ya Kiingereza, ina kurasa mia na themanini, na nakuhakikishia watu wa mwaloni, wanaoshinda kwenye mitumbwi na samaki, hawana muda wa kukaa na kitu kama hicho.

Yale ya siku ile nimeyagusa tu, mistari miwili hivi, kwa kuzungukazunguka. Hakuna atakayeelewa.

Kuhusu kuwekwa wazi, ni utaratibu wa chuo kwa kazi zote. Sikuwa na la kufanya.

Lala salama, dada. Nakuombea.

Zakia

Kabusuri
9 Juni 2024

Zakia,

Kuna mwalimu mgeni kwenye sekondari yetu, anaitwa Chenge. Alikuwa anatafuta kwenye simu habari za Kabusuri ili awafundishie wanafunzi, akakutana na kitabu chako. Jina la mwalo wetu umeliandika kamili. Akaenda Magu akakichapa chote, akaja nacho mwaloni Jumamosi ya wiki iliyopita kama mtu aliyeleta zawadi. Akasema, "Mnaona? Mmeandikwa na chuo kikuu."

Kiingereza wengi hawakukijua. Lakini maneno yetu umeyaacha kwa Kiswahili, Zakia, kama tulivyoyasema, na chini yake ndipo unayaeleza kwa Kiingereza. Chenge akawa anasoma yale ya Kiswahili kwa sauti na watu wanacheka, "Huyo ni mzee Ng'washi," "Huyo ni mama wa mgahawa." Hawakukosea hata mmoja. Mimi waliponisoma, ile sehemu ya bei ya nyavu, walisema jina langu kabla hajamaliza sentensi. Kuna mjane gani mwingine hapa mwenye mtumbwi?

Wakachoka kabla hajafika mbali. Halafu Teodora akamuuliza kama mtoto wake ameandikwa humo, maana na yeye ulimhoji. Chenge akasema hajui, akampa makaratasi yote akasome mwenyewe.

Unajua anavyosoma. Anaweka kidole kwenye mstari, anatafuta Kiswahili, anasoma polepole, hapitilizi. Jana alikuja kuomba chumvi, akaniambia amefika ukurasa wa sitini.

Mimi sijui yangu iko ukurasa gani. Sikumuuliza.

Najua makaratasi huwezi kuyafuta. Lakini huko kwenye mtandao toa. Usingoje kesho.

Achola

OFISI YA HIFADHI YA KIDIJITALI
Mwanza, 2 Julai 2024

Bi. Zakia Khalidi,

YAH: OMBI LA KUONDOA TASNIFU

Rejea barua yako ya tarehe 17 Juni 2024 na mazungumzo yetu ya simu.

Ofisi inakukumbusha kwamba kabla ya kazi kuwekwa ulijaza fomu yenye machaguo matatu: kufunguliwa kwa umma mara moja, kufunguliwa baada ya miaka mitano, au kufunguliwa baada ya kuondoa sehemu zinazoweza kumtambulisha mshiriki. Uliweka alama kwenye chaguo la kwanza. Nakala ya fomu imeambatishwa.

Kwa kuwa sababu uliyotoa inahusu usalama wa mshiriki, kazi yako itafungwa kuanzia tarehe 15 Julai. Baada ya hapo haitafunguliwa tena bila idhini ya maandishi ya mshiriki huyo. Tunasikitika kwamba nakala 214 zilizokwisha kupakuliwa hatuna uwezo wa kuzirudisha.

Nurdin Ally
Mkutubi

Zakia, haya siyo ya ofisi. Mwezi ule nilipitisha fomu zaidi ya mia nne na sikumuuliza mtu yeyote swali. Ungeniambia ukurasa ule una nini ningekukatalia.

Kabusuri
14 Julai 2024

Mwalimu Zakia,

Mimi ni Teodora. Anwani yako nimepewa na Kashindye. Sikuanzi kwa kukutakia afya njema, nitakuwa nakudanganya.

Nimefika ukurasa wa mia na kumi na saba. Nayaandika hapa ili ujue nimeyasoma sawasawa:

"Samaki aliowala yule mtoto walitoka kwenye mtumbwi wangu. Nilijua wamevuliwa kwa dawa ya kuulia wadudu wa pamba, maana kijana wangu ndiye aliyeinunua. Nilimpa mama yake sato watatu, bure, ni rafiki yangu. Nilidhani nikiwaosha sana haitakuwa na shida. Mtoto alipokufa nililia kuliko mama yake."

Chini yake umeandika: Mshiriki wa 9, mahojiano, 14 Agosti 2020.

Tarehe hiyo nimekaa nayo siku nzima. Tarehe 16 ilikuwa Jumapili, nilikualika kwangu ukala. Nilichinja kuku. Tulipomaliza kula nikakupeleka kwenye kaburi la Princess, wakati ule lilikuwa udongo tu, ukaniuliza, "Alikuwa mtoto wa namna gani?" Nikakueleza kwa muda mrefu, jinsi alivyokuwa akitamka jina lake kama mtu mzima anayejitambulisha ofisini. Wewe ukawa unaandika. Ulikuwa unajua kwa siku mbili, umekaa kwangu, unaandika.

Sasa nikueleze na wewe usichokijua, maana hukuuliza. Mchana ule alikula sato mmoja karibu mzima, sisi wengine tulikula mboga, wale wawili nikawaweka kwa ajili ya usiku. Saa tisa akaanza kulalamika tumbo. Nilimchemshia mizizi ambayo mama yangu alitupa sisi sote tukiwa watoto. Akatapika, akakakamaa mwili, akafia mgongoni kwangu tukiwa njiani kwenda zahanati. Obiero alisimama mbele ya watu wote akasema, "Umemuua mtoto kwa mizizi yako." Nilimwamini. Alipochukua wavulana nilimwona ana haki, nikawafungia nguo zao mwenyewe. Kwa miaka hii yote sijawahi kumchemshia mtu yeyote hata chai bila kuogopa mkono wangu.

Nilikwenda kwa Achola. Nilimkuta anageuza dagaa mchangani. Nikamwambia, "Nimefika ukurasa wa mia na kumi na saba."

Akaweka reki chini. Akasema, "Nilikuwa nakungoja."

Nikamuuliza, "Obiero alipokuwa ananitamkia yale maneno, wewe ulisimama wapi?"

Akasema, "Nyuma yako. Nilikuwa nimekushika."

Ni kweli. Alikuwa amenishika.

Sikumpiga wala sikupiga kelele. Nilirudi nyumbani. Kesho yake nikasikia ameuza mtumbwi.

Kutoka kwako nataka kitu kimoja. Usikitoe kitabu hicho. Nasikia Achola amekuomba ukitoe. Mwezi ujao nakwenda Shirati kwa wakwe zangu, niwaonyeshe, wanangu wajue kwamba mama yao hakumuua dada yao. Makaratasi ya Chenge hayana muhuri, watasema nimeyachapa mwenyewe. Lakini shemeji yangu ni mtu wa ofisi, anajua mambo ya mtandao. Atafungua mwenyewe na ataona ni ya chuo kikuu.

Na kama unaweza, andika jina lake. Aliitwa Princess Obiero. Kwenye kitabu chako anaitwa "yule mtoto."

Teodora

Kabusuri
20 Agosti 2024

Mwalimu Zakia,

Nimerudi kutoka Shirati jana.

Shemeji alichukua simu yake mbele ya wazee wote. Nilimpa jina la kitabu, jina lako, jina la chuo, nimeyashika kichwani. Akatafuta. Akapata jina la kitabu, na chini yake maneno kwamba kimefungwa, hakisomeki. Akajaribu na simu ya mtu mwingine. Akanirudishia makaratasi yangu, akasema kwa heshima tu, "Shemeji, haya hata mimi naweza kuyachapa kwenye steshenari ya Musoma."

Mkwe wangu akasema, "Teodora, huzuni inaweza kumfanya mtu atafute wa kumsingizia. Tena rafiki yake."

Wanangu walikuwa shuleni. Sikuambiwa niwasubiri.

Ulikifunga lini?

Teodora

Mabatini, Mwanza
1 Septemba 2024

Dada Achola,

Shikamoo. Kashindye anasema umehama na hajui kama utarudi, ila ameahidi kuisafirisha barua hii kwa basi.

Nilikudanganya. Haikuwa mistari miwili, ulikuwa ukurasa mzima, kwa sababu yalikuwa maneno mazito kuliko yote niliyoyapata na msimamizi wangu aliyasifu. Na kuwekwa wazi hakukuwa utaratibu tu. Nilipewa fomu, ningeweza kungoja miaka mitano, ningeweza kuuondoa ukurasa ule. Nilitaka kusomwa.

Nimekifunga kitabu kama ulivyoomba. Kumbe Teodora alikihitaji kikiwa wazi, ili wakwe zake waamini kwamba hakumuua mtoto wake. Chuo hakiwezi kukifungua bila sahihi yako. Karatasi nimeiweka humu ndani. Sina haki ya kukuomba, na nakuomba.

Zakia

Musoma
29 Septemba 2024

Zakia,

Barua imenifikia kwa dada yangu, ninakoishi sasa.

Karatasi yako nimeiweka mezani siku nne. Dada aliuliza ni ya nini, nikamwambia ni ya benki.

Sitaweka sahihi. Nisikilize kwanza. Ojwang alikuwa na miaka kumi na saba alipoinunua ile dawa. Alitumwa na wanaume watatu wa mwaloni na mimi nikanyamaza kwa sababu mwezi ule tulikuwa hatupati kitu. Sasa ana mke na mke ana mimba. Maneno yangu yanasema kijana wangu ndiye aliyeinunua, na kila mtu anajua nina kijana mmoja. Kikifunguliwa, mtu wa polisi naye ni mtu yeyote.

Hujawahi kuniuliza kwa nini nilikuambia wewe. Nilikuambia wewe kwa sababu ulikuwa unaondoka. Nilikuwa nimebeba kile kitu miezi tisa, namwona Teodora kila asubuhi, anafua na mimi, anakula na mimi. Nikaona msichana mgeni, ana daftari, wiki ijayo hayupo. Nikadhani ni kama kukitupa ziwani.

Teodora simwombi msamaha kwa barua. Nilijaribu kuandika, nikaona kila neno linalotoka ni la kujisaidia mimi.

Nimemchagua mwanangu. Yeye angemchagua wa kwake.

Usiniandikie tena. Kashindye nimemkataza kuleta.

Achola

Mabatini, Mwanza
8 Oktoba 2024

Dada Teodora,

Shikamoo, hata kama hutaipokea.

Achola amekataa kuweka sahihi. Kitabu kitabaki kimefungwa. Lakini mimi sijafungwa mdomo. Nina nakala yangu yenye jalada gumu, ina muhuri wa chuo na sahihi za wasimamizi. Jumamosi ya tarehe 19 nitakuwa Shirati asubuhi. Nikubalie niingie na wewe kwa wakwe zako niseme nilichosikia na siku niliyokisikia. Jina la kijana sitalitaja.

Achola hajaniruhusu hata hili. Nalifanya nikijua hivyo.

Zakia

Kabusuri
3 Novemba 2024

Mwalimu Zakia,

Nakuandikia yaliyotokea ulipoondoka, kwa sababu hukuyaona na unaweza ukadhani ulifanya kitu.

Ulivyosema ulisema vizuri, sikulaumu. Uliona mwenyewe mkwe wangu alivyopokea kitabu, akapapasa muhuri kwa kidole, akakuuliza, "Ulilijua hili lini?" Ukasema mwaka 2020. Akasema, "Na umekuja leo," akakifunga. Baada ya hapo nadhani uliona heri uondoke, na mimi ningeondoka.

Kisha mama mkwe akasema ameamini. Alilisema akiwa ameangalia mlango. Nilingoja aongeze kitu. Akasema niletewe uji.

Wavulana walirudi kutoka kuchota maji. Mkubwa ana miaka kumi na miwili, amerefuka kama baba yake, alinipa mkono akaenda zake. Mdogo alinisalimia "Shikamoo, mama," nikafurahi, halafu nikamsikia anamwita mama kila mwanamke aliyeingia pale. Kuna mke mwingine. Ni binti mpole. Mdogo ana kovu jipya hapa juu ya jicho na sikujua amelipata wapi, na niliona aibu kumuuliza mtu.

Obiero alinisindikiza hadi kituoni. Tulitembea kama zamani, yeye mbele. Tulipofika akasimama akasema kwa utaratibu, "Teodora, mimi nilijua kwamba siyo mizizi."

Nikamuuliza alijua nini.

Akasema mganga wa zahanati alimwita wiki ile ile, akamweleza kwamba mtoto alikuwa na dalili za sumu ya shambani, akamuuliza kama tulikula samaki. Yeye akajibu hapana.

Nikamwambia, "Mbona hukusema?"

Akasema, "Sato wale niliwaona asubuhi. Macho yao yalikuwa siyo mazuri. Na mimi nimevua miaka ishirini, najua samaki wa sumu anavyokuwa. Nikanyamaza kwa sababu tulipewa bure." Akaongeza, "Nilishindwa kukubali kwamba ni mimi. Nikataka awe mtu mwingine, na wewe ulikuwa karibu."

Gari lilikuja nikapanda. Hakuomba msamaha na mimi sikumuuliza habari za wavulana. Atabaki nao. Wana shule kule, wana bibi yao, na kuwatoa ni lazima niseme mbele ya watu alichoniambia, na wanangu watasikia. Nimeona wamebakiwa na mzazi mmoja wa kumwamini. Nimewaachia.

Kitabu chako, kifungue au kifunge, kwangu ni sawa sasa. Makaratasi ya Chenge nimeyarudisha kwake. Aliniuliza kama niliyafurahia.

Nilishuka Kabusuri kabla jua halijazama. Nilikuwa na maneno haya yote mdomoni, ya Obiero, ya kovu la mtoto, ya uji, na nilitembea bila kufikiri hadi kwenye mlango wa Achola ili nimweleze. Niligonga mara mbili. Nikaita jina lake. Jirani akatoka akaniangalia, ndipo nikakumbuka.

Teodora